Tendo Kwanza: Namna ya Kuiandikia Akili Mnemba Maelekezo ya Video

ZUHURA: Msikilizaji, karibu. Leo tunazungumzia uandishi wa maelekezo kwa programu za akili mnemba zinazotengeneza video. Kaka Baraka, watu wengi waliozoea kutengeneza picha za mnato kwa programu za aina hii huandika vivyo hivyo wanapohamia kwenye video, na wanachopata ni klipu ya kupendeza ambamo hakuna kinachotokea. Kasoro iko wapi?

BARAKA: Iko kwenye wingi wa sifa, Dada Zuhura. Picha hutosheka na sifa: mzee mwenye ndevu nyeupe, koti jekundu, ukungu, mwanga hafifu. Video hudai tendo, kwa sababu klipu ya sekunde 8 inayokwenda kwa fremu 24 (yaani picha moja moja zinazounda video) kila sekunde ina fremu 192, na usipoeleza kinachobadilika tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, programu italazimika kubuni yenyewe. Aghalabu huisogeza kamera taratibu kumwelekea mtu aliyesimama tu.

ZUHURA: Tupatie mfano wa maelekezo yenye tendo.

BARAKA: Mtu anayetaka kuonyesha huzuni huandika, "mwanamke mwenye huzuni chumbani." Mimi ningeandika hivi: "Mwanamke wa makamo aliyevaa gauni la kijani anafungua dirisha kwa mkono wa kulia, upepo unaingia, pazia linapeperuka, naye anainamisha kichwa na kufumba macho." Kamera haioni huzuni, huona kichwa kilichoinama na macho yaliyofumbwa. Angalia pia kwamba kila tukio limezaa linalofuata: dirisha limeleta upepo, na upepo umetikisa pazia.

ZUHURA: Napenda mfuatano huo. Je, nikitaka baadaye aketi, aandike barua, kisha atoke nje?

BARAKA: Usiyarundike yote kwenye klipu moja, kwani programu huenda ikayaharakisha au ikayaruka baadhi. Igawe hadithi katika vipande, kila kipande kiwe na maelekezo yake, kisha uviunganishe wakati wa kuhariri.

ZUHURA: Hapo ndipo linapozuka tatizo la mhusika kubadilika sura kutoka kipande kimoja hadi kingine. Ukiandika "yule mwanamke" tu, na kila klipu inatengenezwa peke yake, programu haina habari za klipu iliyotangulia. Nakili maelezo yake neno kwa neno, wala "gauni la kijani" lisigeuke kuwa "nguo ya rangi ya majani." Programu nyingi pia hukuruhusu kuanza na picha ya mhusika, ukifanya hivyo, maneno yako yashughulikie mwendo, maana sura na mavazi tayari vimo kwenye picha.

BARAKA: Kuhusu mwendo, naomba waandishi wautenganishe wa mhusika na wa kamera. Sentensi "anageuka na kusogea karibu polepole" haisemi kama ni mwanamke anayesogea au kamera. Iandikie kamera sentensi yake: "Kamera imetulia usawa wa macho yake," au "Kamera inamfuata kutoka nyuma." Mwendo mmoja kwa klipu unatosha kabisa. Lenzi nayo ina kazi yake: ya milimita 24 huonyesha chumba kwa upana, ilhali ya milimita 85 hufaa kwa uso na mandharinyuma yaliyofifia.

ZUHURA: Na kukanusha? Ukiandika "barabara isiyo na magari," huenda yakatokea magari.

BARAKA: Andika "barabara tupu." Taja unachotaka kuona. Baadhi ya programu zina sehemu maalumu ya kuorodhesha usivyovitaka; itumie kama ipo.

ZUHURA: Tusisahau sauti. Veo 3, programu ya video ya Google iliyotolewa Mei 2025, hutengeneza sauti pamoja na picha, kwa hiyo mwandishi anapaswa kutaja anayezungumza, kuyaweka maneno yake ndani ya alama za kunukuu, na kuridhika na sentensi moja au mbili fupi. Klipu ikiharibika, tuanzie wapi kuirekebisha?

BARAKA: Kabla ya kugusa neno lolote, tengeneza tena kwa maelekezo yaleyale. Kwa kawaida programu hizi huanza na chengachenga za kubahatisha na kuzisafisha hatua kwa hatua hadi picha itokee, hivyo maneno yaleyale huzaa klipu tofauti. Kasoro ikijirudia ndipo ubadili jambo moja, ama tendo, ama kamera, ama mwanga. Na kama programu yako ina namba ya mbegu, yaani namba inayoamua chengachenga za mwanzo, ishikilie ileile, ili tofauti unayoiona itokane na neno ulilobadili.