Ugumu wa Kumwigiza Mtu Aliyeacha Pombe

Mabibi na mabwana, walionisikia siku za nyuma watanivumilia, maana narudi palepale: kumwigiza mlevi ni rahisi, na kumwigiza aliyeacha pombe ndiko kunakompima mwigizaji. Tangu Ray Milland alipotunukiwa Oscar kwa kumwigiza mlevi katika filamu ya mwaka 1945, tumezoea kupiga makofi mhusika anapopepesuka na kuangua kilio, kana kwamba kazi imeishia hapo.

Katika filamu ya The Outrun ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Nora Fingscheidt, Saoirse Ronan anamwigiza Rona, msomi wa biolojia anayeondoka London na kurudi kwao, visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, ili aishi bila pombe. Huko anapata kazi ya kumtafuta ndege adimu ajifichaye majanini, ambaye husikika zaidi ya kuonekana. Basi usiku huendesha gari, husimama na kutega sikio. Hasikii kitu. Anasogea mbele, anasimama, anasikiliza tena, na bado hasikii kitu. Hapo mwigizaji hana wa kujibizana naye, hana machozi wala kelele za kumbeba. Ana sikio tu, na uso unaotuonyesha mtu anayejifunza kuistahimili saa tupu, saa ileile ambayo zamani angeijaza kwa chupa. Aliyewahi kuishi na mraibu anaijua saa hiyo.

Najua yupo atakayesema kwamba matukio ya London, Rona alipokuwa bado akinywa, nayo yanatisha. Yanatisha, sikatai, hasa anapomgeuka mpenzi aliyemvumilia. Lakini ulevi humpa mwigizaji vya kushika, na utulivu humnyang'anya vyote. Filamu inarukaruka wakati, nasi tunaongozwa na nywele za Rona, za buluu kwanza, kisha buluu iliyobaki nchani. Mwigizaji mvivu angeiachia rangi kazi yote, ila huyu hata macho yake yanatua kwa namna nyingine.

Nilikusudia kumzungumzia baba mtu, na kitabu cha Amy Liptrot cha mwaka 2016 kilichoizaa filamu, lakini mwenyekiti ameshanitazama mara mbili. Niongeze hili tu: Ronan alijifunza kuzalisha kondoo, na ile mikono mnayoiona ikimvuta mwana-kondoo ni yake mwenyewe.