Pale Juu Pa Kuandikia Adresi Si pa Google Peke Yake

REHEMA: Haya tumerudi, Baraka leo kaja na hasira zake, anasema tunakula bando bure.

BARAKA: Tunakula kweli bana. Mtu anataka kusoma habari za Kinjekitile kwenye Wikipedia, anaandika jina pale juu kwenye adresi, anapelekwa Google, anasubiri ifunguke, anaperuzi weee ndo anaiona Wikipedia anabonyeza. Ule ukurasa wa katikati wa nini sasa?

REHEMA: Si ndo brauza, hii programu ya kufungulia tovuti, ilivyokuja?

BARAKA: Imekuja hivyo kwa sababu kuna mtu kalipa! Ile kesi ya serikali ya Marekani na Google ilitoa siri, mwaka 2022 Google waliwalipa Apple kama dola bilioni 20 ili wao ndo wawe injini ya kutafutia ya kwanza kwenye Safari, brauza ya Apple.

REHEMA: Bilioni ishirini, kwa kisanduku cha kuandikia?

BARAKA: Wanajua hatugusi setingi, dada. Na Agosti 2024 jaji akasema kabisa wamevunja sheria ya ushindani.

REHEMA: Haya, nifundishe basi kuiruka hiyo Google, laptopu hii hapa, natumia brauza ya Chrome.

BARAKA: Ingia setingi, sehemu ya injini za kutafutia, shuka mpaka palipo na orodha ya tovuti, bonyeza kuongeza. Jina weka Wiki ya Kiswahili, neno fupi weka sw, halafu adresi andika sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s

REHEMA: Hiyo asilimia na s ni mdudu gani?

BARAKA: Hapo ndo utamu ulipo. Ni nafasi ya neno lako, brauza inaitoa inaweka ulichoandika. Kwa hiyo tovuti yoyote yenye pa kutafutia, iwe kamusi, iwe duka, we tafuta kitu humo, angalia adresi iliyotokea juu, kama neno lako limo lifute hapo weka %s, kwisha.

REHEMA: Naandika sw, nabonyeza kitufe cha Tab, naandika Kinjekitile... ah! Imenipeleka moja kwa moja!

BARAKA: Si nilikwambia? Ukiwa mvivu kabisa fanya DuckDuckGo, injini nyingine ya kutafutia, iwe ndo ya kwanza, ukitanguliza !w unaenda Wikipedia, !yt YouTube, huongezi adresi yoyote. Ila hiyo inapitia kwao kwanza, mi bado napenda ya kutengeneza mwenyewe.

REHEMA: Na sisi wa simu, maana wengi wanaotusikiliza laptopu hawana?

BARAKA: Chrome ya simu inakuruhusu kubadilisha injini tu, mambo ya %s haina. Firefox ya Android ndo inakubali kuongeza zako, na unapoandika unagusa kile kialama cha pembeni unachagua pa kutafutia.

REHEMA: Ngoja kwanza, naongeza na ya YouTube, hebu nitajie adresi yake.

BARAKA: Youtube.com/results?search_query= halafu unamalizia na nini?

REHEMA: Asilimia s!