Kipindi cha 41: Povu

REHEMA: Tunarekodi? Haya. Sudi, kabla hujasalimia watu, waambie Jumatano saa kumi jioni ulikuwa wapi.

SUDI: Rehema, leo nina karatasi. Mambo matatu kuhusu mvua za radi za msimu wa joto. Nimeyapanga vizuri kabisa.

REHEMA: Ulikuwa wapi?

SUDI: Bafuni.

REHEMA: Katika hali gani?

SUDI: Nina povu. Kichwa kizima mpaka masikioni.

REHEMA: (anacheka) Wale wa siku nyingi walioshuhudia kisa cha mwavuli, huyu ndiye yule yule.

SUDI: Cheka tu, kwa mwoga huenda kicheko. Siku ile fukuto lilianza asubuhi, shati limenata mgongoni tangu saa tatu. Jua linachoma ardhi, ardhi inapasha hewa iliyojaa mvuke, hewa inapanda. Huko juu kwenye baridi mvuke unageuka matone, na ukigeuka matone unatoa joto, na hilo joto linaisukuma hewa izidi kupanda. Ndiyo maana haya mawingu huiva alasiri. Maeneo ya tropiki kilele chake hupita kilomita 15.

REHEMA: Na povu?

SUDI: Povu lilikuwa palepale. Hilo ndilo jambo la kwanza, sasa la pili...

REHEMA: La pili ni kwamba nilikupigia simu ukaniambia umekaa koridoni na taulo, unaogopa radi isikufikie kupitia maji ya bomba. Muda gani ulikaa?

SUDI: Saa moja na dakika kumi.

REHEMA: Jamani!

SUDI: Kanuni ni kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kila nikifika ishirini na kitu, inanguruma tena, naanza upya.

REHEMA: Lile povu likawaje?

SUDI: Likakauka. Nywele zikawa ngumu kama mkeka. Tunaweza kuendelea?

REHEMA: Hapana. Sudi, wewe ulikuwa unaoga kwa ndoo. Ndoo! Haijaungwa na kitu chochote duniani.

SUDI: Bomba lilikuwa linaijaza.

REHEMA: Bomba la plastiki.

SUDI: Plastiki haipitishi umeme, sawa. Maji yaliyomo je? Yana chumvichumvi, yanapitisha. Na wewe unajua ndani ya ukuta kuna kipande gani cha chuma? Mimi sijui, na sikutaka kujua siku ile.

REHEMA: Wanaopigwa na radi wengi wako nje. Shambani, majini, chini ya mti.

SUDI: Wengi. Sijasikia ukisema wote.

REHEMA: Kwa hesabu hiyo tusioge msimu mzima, maana kunanguruma kila jioni.

SUDI: Oga asubuhi, nani kakukataza?

REHEMA: Yule mlinzi wa hifadhi ya Shenandoah kule Marekani, Roy Sullivan, radi ilimpiga mara 7 kati ya 1942 na 1977. Mara saba, Sudi, na hakuna hata moja alipokuwa anaoga!

SUDI: Afadhali umemtaja. Mwaka 1972 alikuwa ndani ya jengo. Ndani! Nywele zikashika moto.

REHEMA: Subiri. Nywele zilishika moto?

SUDI: Ziliwaka. Baada ya hapo akawa anatembea na chombo cha maji kwenye gari lake.

REHEMA: Kumbe angekuwa na povu...

SUDI: Usianze.

REHEMA: ...angekuwa salama! Umekaa koridoni umevaa kizimamoto kichwani, halafu unaogopa!

SUDI: Nilihesabu, Rehema. Mwanga, kisha sekunde tisa, kisha mlio. Sauti inachukua kama sekunde tatu kwa kilomita moja. Kilomita tatu.

REHEMA: Kilomita tatu ni mbali.

SUDI: Si mbali hata kidogo. Radi inaweza kupiga kilomita 10 mbele ya mvua yenyewe, mahali ambapo wewe unaona jua. Ukiisikia, imeshakufikia. Kuna mwale mmoja wa Oktoba 2017, kutoka mashariki mwa Texas mpaka karibu na Kansas City, Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeupima: kilomita 829.

REHEMA: Ukapita bafuni kwako?

SUDI: Huwezi kubishana nami kwa hoja, unabishana kwa povu.

REHEMA: Hoja nimekupa: ndoo. Hujaijibu.

SUDI: Nimeijibu: bomba.

REHEMA: Ungefunga bomba, ukamaliza kuoga kwa ndoo, dakika mbili, basi.

SUDI: Kulifunga lazima nilishike. Nilishike na mkono uliolowa?

REHEMA: Ndiyo.

SUDI: Basi hapo tumeachana, dada. Mimi silishiki.

REHEMA: Na mimi nalishika.

(kimya)

SUDI: Zimebaki dakika ngapi?

REHEMA: Moja na nusu.

SUDI: Na la pili na la tatu? La pili ni barafu inavyogongana ndani ya wingu mpaka chaji za umeme zikatengana, nimelichorea hata picha...

REHEMA: Picha, kwenye podikasti. Sudi, jambo moja tu. Ulipomaliza kukaa koridoni, ulijisuuza na maji gani?

SUDI: Ya ndoo.

REHEMA: Yale yale?

SUDI: Bomba lilikuwa limefungwa wakati ule!

REHEMA: Limefungwa na nani? Si ulikuwa koridoni?

SUDI: Maji yalikatika. Zima hiyo.