Barua Iliyobakiza Siku 4

Marahaba, marahaba. Kaeni, wanangu. Na nyinyi walimu, shikamooni.

Mwalimu aliyenikaribisha ameniita mtaalamu wa kodi. Mama yangu angecheka. Aliuza vitumbua hapa hapa Ngamiani mpaka miguu ikamkatalia, na kodi aliyoijua ni ushuru wa soko na ile ya chumba, ambayo mwenye nyumba aliifuata yeye mwenyewe alfajiri. Mimi nilisomea ualimu wa Kiswahili.

Mwaka 2009 nilikuwa Dar es Salaam nasubiri ajira. Shangazi akanipatia kibarua cha miezi 3 kwenye ofisi ya wahasibu: kupanga majalada, kupeleka barua. Mwaka uliofuata zikaja mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kielektroniki. Wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, wakatakiwa kuzitumia, na ofisi yetu ikajaa watu wenye mifuko ya rambo iliyofura risiti. Kazi yangu ikawa kuzitoa nakala, maana karatasi ile ikipata joto maandishi hufifia. Ukija kukaguliwa miaka miwili baadaye unatoa karatasi nyeupe, na karatasi nyeupe haithibitishi chochote.

Siku moja wakubwa wawili walikuwa wakibishania kifungu kimoja. Sheria ilikuwa ya Kiingereza, lakini ubishi wenyewe ulikuwa wa sarufi: maneno "kipi kikubwa" yanarejea wapi? Nikajitia kimbelembele, nikachora matawi ya sentensi nyuma ya bahasha, yale yale niliyofundisha kidato cha pili kwenye mazoezi ya ualimu. Mmoja akaitazama bahasha, akanitazama mimi, kisha akanipa kitabu cha sheria nikasome nyumbani. Kibarua cha miezi 3 hakijaisha mpaka leo. (Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria zetu. Walimu wa Kiswahili, kazi hiyo inawahusu.)

Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, niliifanya nikiwa kazini. Nilifeli mara mbili, na kwenye wasifu wangu hamtalikuta hilo.

Kodi niliijua. Kuongoza watu ndiko kulikonishinda. Nilipofanywa meneja nikawa nasahihisha kila ritani, ile taarifa ya kodi ya mteja, waliyoiandaa vijana kwa kalamu nyekundu, kama madaftari. Aliyekosea nilimsemea mbele ya wenzake. Nilidhani huo ndio umakini, kwa sababu makosa yalipungua. Kumbe yalipungua mezani kwangu tu.

Ikaja barua ya mamlaka ya kodi kwa mteja wetu mmoja, muuza vifaa vya ujenzi. Alikuwa amekadiriwa kodi kubwa mno, kwa sababu fedha alizohamisha kutoka akaunti yake moja kwenda nyingine zilihesabiwa kuwa mauzo. Pingamizi la kodi lina siku 30 tangu upokee makadirio. Tena hupingi mikono mitupu: unalipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, kipi kikubwa. Naam, maneno yale yale ya bahasha.

Barua ile niliiona zimebaki siku 4. Ilikuwa kwenye droo ya kijana wetu mmoja, chini ya kalenda. Nilipomuuliza kwa nini hakuileta, alisema, "Mama, sikuielewa. Nikaogopa kukuuliza." Sikuwa na la kumjibu. Tulilala ofisini siku mbili tukilinganisha taarifa za benki, kila shilingi iliyotoka huku ikaonekana imeingia kule. Mteja akakimbizana na theluthi yake. Pingamizi likaingia siku ya mwisho, saa tisa mchana.

Watu huniuliza iliishaje. Ilikwenda vizuri, lakini kilichonikaa moyoni ni ile droo. Kijana alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba haelewi; aliyemfungia mlango ni mimi na kalamu yangu.

Siku hizi tuna daftari la barua. Kila Jumatatu, kabla ya chai, linazunguka meza nzima, kila mtu anataja barua iliyomshinda na siku zilizobaki. Naanza mimi. Jumatatu iliyopita nilikuwa na moja ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hujayapokea, imenikaa kooni wiki nzima, na aliyeifungua ni kijana yule yule wa droo. Alinieleza taratibu, kama mnavyomweleza bibi kutuma hela kwa simu.

Haya, maswali. Wewe hapo mlangoni, mkono umeunyoosha tangu niliposema vitumbua.