Kamshafti Kubwa kwa Gari la Barabarani: Valvu Inafungwa Lini?

Mhadhara kwa mafundi na vijana wa magari, Malindi

Assalamu alaykum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha. Sogeeni mbele, hapa pembeni pana nafasi.

Nimeombwa nizungumzie kamshafti kubwa, yaani ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu, milango ya silinda, uliochongwa uziache wazi muda mrefu zaidi; na sababu naijua. Jioni kule Casuarina, likipita gari lenye kamshafti ya mashindano, ule mlio wa injini isiyotulia humgeuza kila mtu shingo. Hata mimi nageuka. Ni mlio mtamu na anayeupenda hana kosa. Lakini mwenye gari huyo kesho asubuhi anakwenda Kilifi na abiria wanne. Anapanda matuta ya Gede kwa gia ya pili, na hapo malalamiko yanaanza: gari halina nguvu injini ikizunguka polepole, linataka kuzimika, mafuta linabugia. Nataka leo tuifuate sababu mpaka ndani ya silinda, ili anayenunua anunue akijua anachonunua.

Kamshafti huzunguka mara moja kila kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili, yaani digrii 720 za kranki. Kila nundu iliyo juu yake inaamua mambo matatu: valvu inyanyuke kiasi gani, ikae wazi kwa digrii ngapi, na ifunguke na kufungwa pistoni ikiwa wapi. Dukani watu huuliza yale mawili ya kwanza. Mimi nawaambia ulizeni kwanza la tatu, tena sehemu yake moja tu: valvu ya kuingiza hewa inafungwa lini?

Pistoni ikishuka inavuta hewa na petroli. Ikifika chini kabisa inaanza kupanda, lakini valvu ya kuingiza bado iko wazi. Hata kamshafti ya kiwandani iko hivyo. Huifunga valvu hiyo pistoni ikiwa imekwisha kupanda kidogo. Kwa nini? Kwa sababu hewa ina uzito, na ikishika mwendo haisimami ghafla. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sehemu 10 za elfu za sekunde. Valvu inayokaa wazi digrii 240 inapata chini ya sehemu 7 tu za elfu. Hewa inakuja kwa kasi, inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikiwa inapanda, na silinda inajaa vizuri. Kamshafti kubwa inachelewa kufunga ili ivune mwendo huo.

Sasa ishushe injini hiyohiyo hadi mizunguko 1,000. Digrii zilezile 240 sasa zinachukua sehemu 40 za elfu. Hewa inaingia polepole, haina msukumo wowote. Pistoni ikigeuka kupanda huku valvu i wazi, inairudisha ile hewa ilikotoka, kwenye manifoldi, mabomba yanayoleta hewa kwenye silinda. Ulichovuta unakitema. Kinachobaki silindani ni kidogo, kinakandamizwa kidogo, na kinasukuma kidogo. Ndiyo maana gari linakuwa zito kwenye tuta. Hakuna kilichoharibika, kamshafti inafanya kazi iliyochongewa, ila ilichongewa mizunguko ambayo hauko.

Uko mizunguko gani, basi? Hilo halihitaji kukisia. Chukua tairi la 175/65R14, ambalo wengi wenu mnalo. Mzingo wake ni karibu mita 1.83. Ukienda kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 1,500 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu linazunguka kama mara 820 kila dakika. Kwenye gia ya tano, ukizidisha uwiano wa gia kwa ule wa difu, gia ya mwisho inayozungusha magurudumu, magari mengi madogo yanafika karibu na 3.4. Zidisha: unapata takriban 2,800. Hiyo ndiyo barabara ya Mombasa kutoka hapa, karibu kilomita 120, injini ikiwa kwenye 2,800 muda mwingi. Mjini, gia ya pili, kilomita 30 kwa saa, uko kama 2,000. Sasa angalia boksi la kamshafti uliyoonyeshwa dukani: nguvu kuanzia 3,000 hadi 7,000. Safari nzima ya Mombasa umeendesha kamshafti ambayo haijaamka.

Watengenezaji wa magari wanalijua hili vizuri sana. Mwaka 1989 Honda waliuza Integra yenye mfumo wa VTEC, na ndani yake kila silinda ina nundu za aina mbili: ndogo za mwendo wa chini, na kubwa inayoshikwa injini ikipanda juu. Baadaye Toyota walifanya vivyo hivyo kwenye injini ya 2ZZ-GE. Kampuni hizo zina wahandisi na fedha, na hazikupata nundu moja inayofaa huku na huku. Ilibidi ziweke mbili. Atakayewaambia kwamba kamshafti yake moja inaongeza nguvu juu bila kupunguza chini, mwambieni awaonyeshe vipimo.

Kuna kijana ameniuliza pale mlangoni kama VVT-i, ule mfumo wa Toyota Probox, si ndiyo hiyohiyo. Hapana. Injini yake, 1NZ-FE, inasogeza kamshafti ya kuingiza mbele au nyuma, yaani inawahisha au kuchelewesha valvu, basi. Nundu ni ileile, valvu inanyanyuka vilevile na inakaa wazi digrii zilezile. Inasaidia sana, lakini haikupi nundu ya pili. Tena ina hatari yake: ukiweka nundu kubwa kwenye mfumo unaosogea, lazima upime nafasi ya valvu na pistoni kamshafti ikiwa imesogezwa mwisho kabisa. Ukiipima imetulia, umejidanganya.

Jambo la pili kwa uzito ni ule wakati valvu zote mbili ziko wazi, ya kutoa moshi haijafungwa na ya kuingiza imeshafunguka. Hesabu yake ni nyepesi. Nundu za digrii 240, vilele vyake vikitengana kwa digrii 108 za kamshafti, ambazo ni 216 za kranki, zinakupa digrii 24 za kuwa wazi pamoja. Nundu za 280 kwa utengano huohuo zinakupa 64. Ukizitenganisha hadi 112, zinarudi 56. Injini ikiwa chini, katika digrii hizo moshi unarudi upande wa kuingiza na kuchanganyika na hewa mpya, na moto unashika vibaya. Ule mlio tunaoupenda unatoka hapo: ni silinda zinazowaka na kukosa, kuwaka na kukosa.

Na mlio huo ukija, mvuto wa manifoldi, yaani ile nguvu ya injini ya kufyonza hewa, unaondoka. Hili nalisisitiza kuliko nguvu na kuliko mafuta, maana busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inakula mvuto huo. Injini ya kawaida iliyotulia hukupa karibu inchi 18 hadi 21 za zebaki. Kamshafti kubwa inaweza kuushusha mbali chini ya hapo. Kanyagio linakuwa gumu, hasa ukiwa mwendo wa polepole mjini, tuktuk moja imekata mbele yako na mtoto anavuka. Anayefunga kamshafti kubwa bila kupima mvuto kwa geji na bila kujaribu breki amemkabidhi mwenziwe gari la hatari. Fundi usikubali kazi hiyo kwa nusu.

Namba za kwenye mtandao nazo zina mtego. Nyingi ni za Marekani, za V8, injini ya silinda nane, ya lita 5.7. Kamshafti ya digrii 220, ikipimwa valvu ikiwa imenyanyuka milimita 1.27, kwenye injini ile ni ya upole. Ichukue iweke kwenye lita 1.5: ni kubwa, kwa sababu silinda ndogo inahitaji hewa kidogo na inahitaji muda mfupi kuivuta. Usinakili namba ya mtu mwenye injini mara nne ya yako. Na ukilinganisha kamshafti mbili, hakikisha zote zimepimwa kwa mtindo mmoja. Mmoja anaandika digrii tangu valvu inapogusa tu kunyanyuka, mwingine anaandika zile za milimita 1.27. Kamshafti ni moja, namba zimepishana kwa digrii 40 au zaidi.

Sasa Nairobi. Wengi wenu mnaleta injini zilizojengwa huko. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na shinikizo la hewa kule ni kama nne ya tano ya hili letu la usawa wa bahari. Fundi wa kule anapoweka kamshafti kubwa anapandisha mkandamizo, yaani kiasi pistoni inavyoibana hewa, tuseme kutoka 10 kwa 1 hadi 11, ili afidie kile kinachotemwa. Kule injini inakwenda vizuri. Ishuke hapa ambapo hewa ni nzito na joto ni hili tunalolijua, ukanyage mafuta ukiwa chini na mzigo, utasikia inagonga kama kokoto ndani ya debe. Mlio huo unatoboa pistoni. Kabla ya kufungua chochote, rudisha taimingi ya plagi nyuma na ujaze mafuta bora. Ikiendelea, mkandamizo umezidi kwa pwani na lazima ushushwe.

Kwenye kufunga nitakwenda haraka isipokuwa sehemu moja. Springi za valvu badilisheni pamoja na kamshafti, na mhakikishe valvu ikiwa imenyanyuka mwisho springi haijabanana. Acheni milimita moja na nusu. Injini za zamani za tapeti za kusugua, vile vipande vinavyosuguliwa na nundu moja kwa moja, kama 4K na 5K, zikiwashwa mara ya kwanza zisiachwe zingurume chini. Zipandishwe juu ya 2,000 kwa dakika 20, kwa oili yenye zinki ya kutosha, la sivyo nundu italika siku hiyohiyo.

Sehemu ya kukaa ni nafasi kati ya valvu na pistoni. Chukua plastisini ya watoto, ibandike juu ya pistoni pale valvu inaposhukia, paka valvu oili kidogo isigande. Rudisha hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, na gasketi yake, funga taimingi ya kamshafti sawasawa, halafu zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Ikikwama, simama, usilazimishe. Fungua, kata plastisini kwa wembe katikati ya alama na upime unene kwa venia. Upande wa kuingiza nataka milimita 2, upande wa moshi 2.5, kwa sababu valvu ya moshi hupata joto na kurefuka. Valvu haikaribiani zaidi na pistoni pale juu kabisa. Ni kama digrii 10 kabla kwa ya moshi na digrii 10 baada kwa ya kuingiza. Kwa hiyo anayesimamisha pistoni juu na kuchungulia tu hajapima kitu.

Nikiulizwa nichague mimi, kwa gari la lita 1.5 au 1.6 linalokwenda Watamu, Mambrui na Mombasa, nachukua kamshafti iliyozidi ya kiwandani kwa digrii 8 hadi 12 tu, nundu zimetengana 110 au 112, na gia ya kamshafti inayorekebishika. Gia hiyo ni fedha iliyotumika vizuri. Ukiisogeza kamshafti mbele digrii 4, valvu ya kuingiza inafungwa mapema na nguvu inahamia kwenye mizunguko ya chini, kule unakoishi. Fedha inayobaki iende kwenye ekzosi inayopumua na kwenye kuchonga vizuri milango ya hedi. Dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano, mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na mashindano yale yalimpa taji aliyemaliza barabara akiwa na gari zima. Nanyi gari lenu linamaliza barabara kila siku.

Swali la mwisho lilikuwa la kamshafti za mitumba. Zinafaa, ila pimeni kila nundu kwa maikromita: urefu wake toa upana wa sehemu yake ya duara. Nundu zote za kuingiza zilingane, na za moshi zilingane. Moja ikipungua hata sehemu chache za kumi za milimita, mrudishieni mwenye duka. Na kabla hamjanifuata kuniuliza kamshafti gani, andikeni kwenye karatasi uzito wa gari, uwiano wa gia na difu, saizi ya tairi na mkandamizo wa injini. Meza iko pale kushoto, na venia na plastisini zipo kwa anayetaka kujaribu.