Siasa Kwenye Dirisha la Huduma: Mhadhara kwa Wahudumu wa Umma, Nakuru

Mwenyekiti, wenzangu wa kaunta, wodi na masjala, hamjambo?

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na msimu wa fulana, lesso na reflekta za bure huanza mapema. Nimeombwa nizungumzie adabu ya kuonyesha siasa kazini. Mimi naipimia kwa yule anayetuhitaji na hana pengine pa kwenda: asifike mbele yetu akajiuliza kama atahudumiwa.

Kenya, rangi zina kumbukumbu. Kwenye kura ya maoni ya 2005 waliounga mkono katiba walipewa ndizi, waliopinga wakapewa chungwa, na chungwa hilo likazaa chama cha ODM. Mwaka 2010 ikawa kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa la. Kwa hivyo kampeni zikipamba moto, kofia ya njano au skafu ya rangi ya chungwa si pambo tu.

Mfikirieni mama aliyepanda matatu Kaptembwa na mtoto mwenye homa. Anafika dirishani, anaona kibandiko cha mgombea nyuma ya kompyuta, kisha anatazama jina la ukoo kwenye kitambulisho chake mwenyewe. Sauti inashuka. Haulizi tena faili ya mtoto imepotelea wapi. Akirukwa kwenye foleni, ananyamaza. Wewe huenda hukumwazia baya lolote, ila yeye ameshajua, au anadhani amejua, yuko mikononi mwa nani.

Na hofu yake ina chanzo. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 uliozozaniwa, majirani walifukuzana hapa mjini, uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya waliopoteza makao. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliripoti watu 1,133 waliouawa nchini. Wapo tunaowahudumia waliolala kwenye mahema hayo wakiwa watoto.

Sheria nitaigusa kidogo tu. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inamzuia afisa wa umma kujihusisha na siasa kwa njia inayovuruga msimamo wa ofisi wa kutoegemea chama. Hata kuonekana tu unavuruga kunatosha.

Lakini nawasihi msitoke hapa mkidhani mmepokonywa uraia. Kifungu cha 38 cha Katiba ni chenu pia. Pigeni kura, bishaneni nyumbani mpaka chai ipoe. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mfanyakazi kubaguliwa au kufutwa kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa. Na hapa nasema na wakubwa waliokaa mbele: mkubwa anayemuuliza karani wa kandarasi atampigia nani, au anayewaalika wa chini yake "kusindikiza" mgombea Jumamosi, anakosea zaidi ya yule mwenye kibandiko. Anayeulizwa anawaza kandarasi yake itaongezwa au la. Hawezi kujibu kwa hiari, na kukataa pia ni jibu. Liache swali hilo kabisa, hata kwa utani.

Kikundi cha WhatsApp cha ratiba ya zamu nacho kibaki cha zamu. Muuguzi anayetaka kujua kama analala kazini leo asipekue video kumi za mikutano ya hadhara.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau: adabu hii inatubana sisi, haimbani mgonjwa. Akija amejifunga lesso yenye picha ya mgombea usiyemtaka, hiyo ni nguo yake, pengine ndiyo pekee iliyokuwa safi. Usigune wala usimtanie. Usimsifu pia ikiwa ni wa upande wako, maana wa nyuma yake kwenye foleni anasikia.

Na akikuuliza waziwazi uko upande gani? Wengi wenu mmeniambia swali hili ndilo linalowasumbua. Mjibu kwa upole: "Mama, kura yangu ni siri. Dawa za presha ziliisha lini?" Kisha andika anachokuambia.

Haya, nakaribisha maswali. Tuanze na dada wa masjala, mkono wake umekuwa juu muda mrefu.