Barafu Iwe Ndimu Yenyewe

Ndugu wasikilizaji, kina mama na kina baba mlioacha vivuli vya nyumbani kwenu katika mchana huu wa joto la Tanga, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza nyumbani kinywaji baridi cha ndimu chenye barafu laini, kile ambacho mtu hukinywa nusu na kukitafuna nusu, na nitaanza na kosa ambalo karibu sote tunalifanya.

Tunakamua ndimu, tunatia maji na sukari, tunaonja tukaridhika, kisha tunatumbukiza vipande vya barafu. Dakika kumi baadaye kinywaji kimechuja, kwa sababu barafu ile ilikuwa maji na imerudi kuwa maji. Dawa yake ni kuacha kuongeza barafu na badala yake kuigandisha sharubati yenyewe, ili kila chembe inayoyeyuka mdomoni iache ladha ya ndimu. Neno hili sharubati tulilipata kwa Waarabu, na neno hilo hilo, likipitia kwa Waturuki, liliwafikia watu wa Ulaya, ambao leo huita sorbet kile wanachokigandisha. Watu wa Sicily wana chao cha limau kiitwacho granita, na njia nitakayoieleza haiko mbali na yao.

Siri ya kazi hii ni sukari, na hapa naomba tukae kidogo. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0 za sentigredi, na yakishaganda huwa jiwe moja. Sukari ikiyeyushwa humo, kiwango cha kuganda hushuka. Na hata chembe za kwanza za barafu zinapojitokeza, sukari haiingii ndani yake bali husukumwa pembeni, ikabaki katika maji mazito ambayo bado hayajaganda. Maji hayo mazito ndiyo yanayozitenganisha chembe za barafu zisishikamane. Ndiyo maana anayepunguza sukari kupita kiasi hupata jiwe, na anayeizidisha hupata uji usioganda. Tena ulimi uliopoa hauhisi utamu sawasawa, kwa hiyo sharubati mnayoionja kabla ya kugandishwa lazima iwe tamu kuliko mnavyoipenda, ikishaganda itajirekebisha.

Kipimo changu ni maji mililita 750, sukari gramu 200 na maji ya ndimu mililita 200. Ndimu zetu ni ndogo, hivyo tayarisheni kama 12 na msikose mbili tatu za akiba, kwa kuwa ndimu ya kiangazi mara nyingi ina sura nzuri na ndani ni kavu. Ziviringisheni kwanza mezani chini ya kiganja, mkizikandamiza hadi zilegee, ndipo mkate. Anayetaka kutumia machungwa ya Muheza, na mimi simlaumu, akumbuke kwamba chungwa lina sukari yake, karibu sehemu moja ya kumi. Basi achukue maji ya machungwa mililita 700, maji mililita 200, sukari gramu 100 tu, na ndimu mbili za kulichangamsha.

Chemsheni maji, yeyusheni sukari humo, kisha acheni yapoe kabisa kabla ya kutia ndimu. Kuchemsha kuna sababu zaidi ya sukari: friza haiui vijidudu, huvilaza tu, na maji machafu yaliyoganda yakiyeyuka ni machafu vile vile. Kungoja yapoe nako kuna sababu mbili. Ya kwanza, moto hufukuza harufu ya ndimu, na ndimu isiyo na harufu ni uchachu mtupu. Ya pili, sufuria zetu nyingi ni za alumini, nayo asidi ya ndimu huila alumini na kuacha ladha ya chuma. Changanyieni kwenye bakuli la kioo au la udongo.

Sehemu kubwa ya harufu yenyewe haiko katika maji ya ndimu bali imo katika vijifuko vya mafuta kwenye ganda. Kwaruzeni ganda la kijani la ndimu mbili juu ya sukari kabla haijaingia majini, kisha sugueni kwa vidole hadi sukari ilowe na kunukia. Mkifika kwenye utando mweupe simameni, kwa maana huo ni mchungu, kama zilivyo mbegu. Wanaotia ndimu nzima kwenye blenda kwa ajili ya kuokoa muda huokoa dakika tano na kupoteza jagi zima.

Sasa kugandisha. Bakizeni bilauri mbili za sharubati kwenye jokofu, na iliyobaki mimineni katika sinia pana, kina kisizidi vidole viwili. Baada ya saa moja kingo zitakuwa zimeganda. Kwaruzeni kwa uma mkizirudisha katikati, na mrudie kila nusu saa. Msitumie chupa. Mwaka mmoja, katika kujiandaa kwa futari, niliweka chupa ya kioo iliyojaa pomoni, nikasahau kwamba maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Niliokota vioo kwenye friza hadi adhana.

Umeme ukikatika kazi haisimami. Barafu ya wauza samaki haifai kunywewa, lakini inafaa kufanya kazi nje ya chombo. Ipondeni, changanyeni sehemu tatu zake kwa sehemu moja ya chumvi, na mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Zamisheni humo chombo cha stili chenye sharubati, kifunikeni vizuri chumvi isiingie, na mkikoroge mara kwa mara.

Wenye ndugu Maskati au Dubai watauliza habari za nanaa, kwa kuwa huko ndimu na nanaa husagwa pamoja na barafu. Inafaa sana, ila majani yaingie mwisho kabisa, maana yakikaa hugeuka meusi.

Sinia hili mbele yenu liliingia kwenye friza saa nne asubuhi. Sikilizeni uma unavyopita: mlio wake ni kama wa mchanga mkavu, na hapo ndipo pa kusimama. Naomba bilauri. Tunajaza barafu hii hadi robo tatu, kisha tunamimina juu yake ile sharubati tuliyoibakiza, ili kiwe cha kunywa na si cha kula kwa kijiko. Walio nyuma wasogee kwanza, kwa maana joto la ukumbi huu halitatungoja.